Msimamizi wa Maabara ya Udongo

Nasema ukweli wangu: wifi yangu nilimwonea wivu mpaka kichwa kikaniuma. Mimi nina miaka kumi na sita kwenye maabara ya udongo ya chuo chetu, huku mashambani ambako watu wa mjini wanadhani hatuna hata umeme. Yeye ana mitatu. Ni mdogo wake mume wangu, na kazi nilimwombea mimi, kwa mdomo wangu huu huu. Alianza kwa kuosha chupa. Kufumba na kufumbua, wahadhiri wakawa wanamwita "Dokta Mdogo", na mimi bado "mama wa maabara". Eti mama! Kwani pale nimemzaa nani?

Mizani yetu ina vituko. Lazima uiwashe nusu saa kabla, uzime feni, ufunge dirisha, ndipo uweke udongo. La sivyo namba zinarukaruka tu. Hayo hayakuandikwa popote. Yalikuwa kichwani mwangu, na wifi akisogea nilimgeuzia mgongo.

"Wifi, si unielekeze basi," alikuwa akisema.

"Utajua tu, taratibu," nilimjibu, huku moyoni nikisema, thubutu!

Ikaja habari kwamba chuo kinaletewa mashine mpya ya kupima udongo. Mtu mmoja angepelekwa kusoma mwaka mzima, akirudi awe msimamizi wa maabara. Mmoja tu. Nafasi ile niliitaka mpaka nikakosa hamu ya kula. Tuliomba wawili, mimi na nani tena? Siku ya usaili akaninyooshea blauzi yangu kwa pasi, nikazidi kumchukia. Mtu gani anampigia pasi mpinzani wake?

Niliingia wa kwanza. Maswali ya udongo niliyajibu bila kumung'unya maneno. Mwishoni mkuu wa idara akauliza, "Ukiwa masomoni, nani ataendesha kazi hapa? Umemfundisha nani?"

Nikajiweka sawa kitini. "Hakuna. Bila mimi, mizani ile haigusiki."

Nilidhani nimewamaliza. Wakatazamana, wakaandika.

Wifi akaingia, mimi nikabaki kwenye benchi la nje, sikio mlangoni. Ndiyo, sina haya. Akaulizwa swali lile lile. Akataja wanafunzi wawili, na daftari alilowaandikia: nusu saa, feni, dirisha. Siri zangu zote! Kumbe miaka yote alikuwa akinichungulia nyuma ya mgongo.

"Na wewe ulifundishwa na nani?"

"Na wifi yangu."

"Mbona yeye kasema hajamfundisha mtu?"

Nikamsikia akijibu, sauti imeshuka. "Labda amesahau, mkuu. Kila ninachokijua nimekipata kwake. Kama mnataka mwalimu, mpelekeni yeye."

Mlango ukafunguliwa, nikaitwa ndani. "Mama," mkuu akasema, kalamu ikiwa juu ya faili langu, "wifi yako anasema wewe ndiye mwalimu wake. Ni kweli?"

Neno moja tu lilitakiwa. Nikamtazama wifi, amenikodolea macho ananiomba niseme ndiyo, na ule wema wake ukanikereketa kuliko kitu chochote.

"Mimi? Huyu sijamfundisha kitu," nikasema. "Kaniibia."

Mkuu akafunga faili langu, akafungua la wifi.