Ikupa na Homa ya Baba Mkwe

Msimu mmoja wa masika, katika miaka ya sabini, Ikupa alikuwa bibi arusi mpya huko Rungwe na muuguzi pekee wa zahanati. Panya walikuwa wakijifia darini kwa baba mkwe wake, mzee Yotamu. Kisha mzee mwenyewe akashikwa na homa kali. Kwa mila ya Wanyakyusa, mke wa mwana hamkaribii baba mkwe.

“Usiingie, mwanangu!” mama mkwe alimzuia mlangoni. “Aibu itamuua.”

“Mama, tauni haina mkwe.”

Akajifunika khanga usoni, akaingia, akapapasa kinena cha mzee mpaka vidole vikaugusa mtoki, uvimbe wa tauni. Akamdunga sindano siku ile na zilizofuata, hadi homa ikashuka.

Mzee alipotoka kuota jua, Ikupa alinyunyiza nyumba nzima dawa ya kuua viroboto, wanaotoa tauni kwa panya na kuwapa watu, akaondokea mlango wa nyuma ili asikutane na mkwewe.