Stempu Isiyo na Muhuri

Marehemu mume wangu, karani wa posta kwa miaka thelathini, aliniachia kopo lililojaa stempu kuukuu. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaanza kunong'ona kwamba ziliibwa kaunta. Nilimwita mke wa mwanangu, tukazimwaga mezani kuzichambua.

"Mama, nchi gani hii inaona haya kutaja jina lake?" aliuliza, akiinua stempu moja.

"Uingereza. Si haya, ni maringo. Walioanzisha stempu ni wao, wakaona kichwa cha malkia kinatosha."

Tulizipanga kwa rangi na kwa sura, tukikagua mihuri, maana stempu yenye muhuri imeshasafiri na barua, haikuibwa kaunta. Zote zilikuwa nao, isipokuwa nyekundu moja, safi kabisa.

"Hapo baba mdogo amepata la kusema," mkwe wangu alisema.

Niliigeuza chini ya lenzi. Nyuma yake kilikuwa kimegandamana kipande cha bahasha ya buluu. Basi nayo ilisafiri. Mgonga mihuri aliiruka tu.

Shemeji anakuja Jumapili. Nimeiweka juu ya zote, uso chini, na lenzi pembeni.