Volani ya Kipande Kimoja

Mwaka 1993, Wakasai, wenye asili ya jimbo la Kasai, wakifukuzwa Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, Kongo, gari la Kitenge, karani wa mtaa wa Kapata, lilivunjika volani, gurudumu zito linalozunguka na injini, ile ya sahani mbili zenye springi katikati. Fundi aliyeijua alikuwa Kalala, Mkasai ambaye mizigo yake ilishafungwa. Akamwekea volani nzima ya kipande kimoja. Gari likawaka huku likitetemeka.

“Uliiharibu kusudi, juu ya vile sisi Bakatanga tunabafukuza!” Kitenge alisema.

“Hapana, tata. Springi ilikuwa inameza mutetemeko. Hii itatetemeka, lakini haitavunjika.”

Kitenge hakuamini. “Basi pandisha bibi yako na batoto, tuijaribu.”

Kalala akawapandisha pamoja na masanduku. “Tuijaribu mupaka stesheni.”

Njia nzima hadi stesheni, ambako Wakasai walingoja treni za kwao, Kitenge alitega sikio. Gari halikuzimika. Aliwashusha na masanduku yao, akarudi Kapata na gari likitetemeka vile vile.