Mzee Apumzike

Viazi viliungua kwa sababu yangu. Naanza hapo ili mtu asije akasema nimejificha. Nilikuwa nimepiga dawa ya magugu kando ya ua, nikaitundika pampu bila kuiosha. Kisha mvua ikakazana, na huku Kuresoi mvua ikikazana ugonjwa wa baridi huingia kwenye viazi ghafla. Nikatia dawa ya baridi katika pampu ileile, nikapulizia shamba lote. Majani yalijikunja, yakageuka manjano, yakanyauka. Nilikosea mimi, si mtu mwingine.

Lakini kosa hilohilo mwanangu mkubwa aliwahi kulifanya kwenye maharagwe. Tulimcheka mpaka mama yake, Mungu amrehemu, akashika mbavu. Tukamwita daktari wa maharagwe. Msimu uliofuata alibeba pampu tena, na hakuna aliyeitisha kikao.

Mimi niliitishiwa kikao.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, mwanangu huyo kutoka Bahati anakoishi, dada yake kutoka Nakuru mjini. Walileta mkate na blanketi. Blanketi jipya haliji bure. Nikajua kuna jambo. Tulipomaliza chai wakaanza kunizungumzia kana kwamba nimetoka nje kidogo.

"Mzee amechoka," kijana akamwambia dada yake.

"Amechoka sana. Na macho je? Siku moja atakunywa hiyo dawa akidhani ni maji."

"Nani amewaambia nimechoka?" nikauliza.

"Baba, hakuna mtu anakulaumu," akasema binti yangu. "Umefanya kazi ya kutosha. Sasa pumzika."

Kwetu mtu akifa hatusemi amekufa. Tunasema amepumzika. Mama yao alipumzika. Ndugu yangu alipumzika. Na wanangu walikaa kwenye viti nilivyonunua kwa viazi, wakaniambia nipumzike, wala hawakusikia walichosema.

Mpango walikuwa nao tayari. Jirani akodishiwe shamba, nami nihamie Bahati, kwenye chumba cha nyuma, karibu na hospitali.

"Kazi yako itakuwa kuota jua tu," kijana akasema.

"Kwani mimi ni mahindi, nianikwe?"

Walicheka. "Unaona? Bado ana utani wake!" Hata hasira yangu waliifanya kichekesho. Kijana akikasirika, wanasema ana msimamo. Mzee akikasirika, presha imepanda. Kijana akikosea, amekosea. Mzee akikosea, amezeeka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, linaloniuma kuliko viazi. Nilinyamaza. Aibu ya ile pampu ilinifunga mdomo, nao wakachukua kimya changu kuwa ndiyo.

Katikati ya wiki jirani akafika na trekta. Alinikuta nimesimama langoni.

"Sasa mzee. Kijana yuko?"

"Kijana yupi?"

"Mwenye shamba. Tuliongea naye kwa simu."

"Mwenye shamba ndiye huyu unaongea naye."

Akatabasamu kwa ule upole ambao watu huwapa watoto na wagonjwa. Akampigia mwanangu, akamweleza. Nikasikia sauti ikitoka kwenye simu: "Mwambie tulikubaliana."

Nikaiomba ile simu. "Hatukukubaliana," nikasema. "Mlikubaliana nyinyi. Mimi bado sijapumzika. Siku nikipumzika mtaambiwa, mje na trekta."

"Baba, usiongee hivyo. Na ukianguka huko peke yako?"

"Nitaanguka kwangu."

Nilisikia anavuta pumzi, halafu simu ikakatika. Jirani alichukua simu yake mkononi mwangu bila kunitazama usoni, akageuza trekta.

Neno lile la mwisho lilikuwa kali kuliko nilivyotaka. Alikuwa anaogopa kunipoteza, nami nilimjibu kama mtu anayeninyang'anya. Yote mawili yalikuwa kweli, na kwa hasira niliyokuwa nayo nililijibu moja tu. Shamba nimelipanda tena, ingawa si lote, kwa sababu mgongo nao una neno lake. Viazi vimeota vizuri. Mwanangu hajapiga simu tangu siku ile, wala mimi sijampigia. Kila jioni naishika simu, nakumbuka lile jua walilotaka nikaote, naiweka chini.