Mawingu ya Upande wa Geita

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nalipwa kutazama mawingu, na majirani hawakuchoka kunitania. "Shikamoo mama, leo tuanike mpunga?" Nikisema sijui, walinikumbusha kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu si ni yako wewe? Nilichoka kuwaeleza. Kituo chetu cha hali ya hewa pale Shinyanga hakikutabiri kitu. Kazi yetu ilikuwa kuona na kusema tulichoona. Waliotabiri walikuwa Dar es Salaam.

Kila baada ya saa tatu nilitoka nje, nikaligawa anga kwa macho mafungu manane, nikaangalia mangapi yamefunikwa, nikakisia mawingu yako juu kiasi gani. Kama imenyesha, nilimimina maji ya kipimamvua kwenye gilasi yake na kuyapima. Yote hayo niliyageuza kuwa namba, nikazisoma kwenye redio ya upepo huku nikipiga kelele hadi koo likauma, maana mitambo ilikuwa mibovu na vipuri hakuna. Huko Dar waliziandika kwenye ramani, na utabiri wa kesho ukaanzia hapo. Mwalimu aliyetufundisha kazi alipenda kusema kwamba unga ukiwa mbovu, usiulaumu mwiko.

Ramani yenyewe niliiona mara moja tu, kwenye hayo mafunzo. Mwanza ilikuwa na nukta, Tabora ina nukta, na Shinyanga yangu nayo ipo. Upande wa Geita palikuwa peupe, hapana kituo. Nikauliza pale wanafanyaje. Mwalimu akachukua penseli, akavuta mstari kutoka nukta moja hadi nyingine, akapita katikati ya ule weupe kwa kukisia. "Asiyekuwepo na lake halipo," akasema, darasa likacheka. Nilicheka na mimi. Wakati ule sikuwa na mtu Geita.

Kisha kiwanda cha kuchambua pamba kikapunguza watu, mume wangu akiwa mmoja wao. Akawafuata wenzake Rwamgasa, huko Geita, kuchimba dhahabu. Alikuwa na mwenzake mmoja, wakishirikiana shimo, ambalo wachimbaji huliita duara. Mmoja anashuka, mwingine anabaki juu na kamba. Mvua ikikaribia hakuna anayeshuka, kwa sababu udongo ule ukilowa haushikani.

Mama mkwe wangu alikuwa akiishi nasi. Mchana alianika betri za redio juani ili zipate nguvu kidogo, jioni tukasikiliza utabiri. "Mbula," aliniuliza kwa Kisukuma chake, yaani mvua, "huko kwa mwanangu ipo?"

"Wamesema Kanda ya Ziwa ni kukavu, mama."

Alishukuru, akaenda kulala. Mimi nilibaki nimekaa nikiona ule weupe na ile penseli. Niliogopa, na nilikuwa nimechoka kuogopa.

Siku moja mume wangu akarudi bila kutuma salamu. Alimwamkia mama yake, akaketi, akakataa chakula. Mama yake alipotoka kwenda kuchota maji ndipo akanieleza. Usiku wa kuamkia juzi yake redio ilitangaza ukavu. Alfajiri mvua kubwa ikaja kutoka upande wa ziwa, na mwenzake alikuwa chini. Duara likaanguka. Walimtoa jioni.

"Alikuwa anasita kushuka," akasema. "Alisema upepo haumpendezi. Nikamwambia, shuka, ndugu yangu, mke wangu ndiye anayewapelekea Dar mawingu. Wakisema kukavu, basi ni kukavu."

Saa ya kupima ilikuwa imefika, nami ndiye niliyekuwa zamu, nikaenda kituoni. Anga la Shinyanga lilikuwa jeupe karibu lote. Nilisoma namba zangu, na nilipomaliza nikamwambia yule bwana wa Dar aliyezipokea kwamba upande wa Geita kulinyesha mvua kubwa alfajiri ya juzi, imeua mtu.

Redio ikakwaruza kidogo. "Pole sana, mama," akasema. "Lakini hiyo sina pa kuiandika. Kituo chako ni Shinyanga."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniumiza. Namba zangu zote zilikuwa sahihi. Siku ile mwenzake mume wangu alipokufa, zilikuwa sahihi vilevile.

Jioni mama mkwe akawasha redio kama kawaida. Sauti ileile tuliyoizoea ikasema Kanda ya Ziwa kutakuwa kukavu. Mama mkwe akamgeukia mwanawe kwa furaha, amuulize kama amesikia. Lakini mume wangu hakuwa akiitazama redio. Alikuwa akinitazama mimi.