Ukuta wa Mikono Miwili

Nitakayosema hapa hamtayaamini, na siwalaumu. Hata mimi niliyekuwepo, na kiatu changu kimoja kikajaa rangi, huwa najiuliza. Lakini naandika juu ya meza ya kushonea ya mhusika mwenyewe, dada yangu, naye yuko hapa nyuma yangu anapiga pasi. Nikidanganya, pasi ni ya moto.

Mtaani wanamwita Mama Pini. Ni fundi cherehani, na tangu asubuhi hadi jioni midomo yake imebana pini nne au tano. Wateja wameshazoea kujibiwa kwa mguno: "mm" ni ndiyo, "mm-mm" ni hapana, na gauni linatoka vilevile. Ila akianza kuzitoa pini mdomoni na kuzichomeka kwenye kijimto, moja moja, taratibu, ujue kuna mtu leo atakiona cha mtema kuni.

Mumewe alikuwa mpaka rangi. Walimpa jina la Mikono Miwili kwa sababu hakukubali kuuacha ukuta na mkono mmoja wa rangi, yaani uliopakwa mara moja tu, hata mwenye nyumba alie machozi. Kila kazi ilipoisha alirudi na kopo la masalio, na juu ya mfuniko akaandika kwa kalamu nene lilikotoka: "Daktari wa meno, chumba cha kusubiri." "Benki, ngazi." "Shule, choo cha walimu." Makopo yalikaa stoo mwaka mzima. Asubuhi ya kuamkia sikukuu yakamiminwa yote katika ndoo moja, yakakorogwa, na ukuta wa sebuleni unaotazamana na mlango ukapakwa rangi hiyo, itoke itakavyotoka. Kabla ya kukoroga kila mtu alibashiri. Aliyekosea zaidi aliosha brashi.

Mikono Miwili alibashiri zambarau. Kila mwaka, miaka ishirini na miwili, zambarau, na kila mwaka akaosha brashi huku anapiga mluzi. Mtu aliyechanganya rangi maisha yake yote, hakujua kwamba zambarau haitoki? Alijua sana.

Miezi saba kabla ya sikukuu hii moyo wake ulisimama, mchana kweupe, bila hata kulalamika kichwa.

Tangu siku hiyo Mama Pini alikunywa chai yake ya asubuhi akiutazama ule ukuta. Ulikuwa wa kijani, mkono wa mwisho wa mumewe. Karibu na swichi ya taa unywele mmoja wa brashi ulikuwa umegandia ndani ya rangi, naye hakuanza kazi kabla ya kuupitishia kidole.

Basi sikukuu ikakaribia. Binti yake, muuguzi, akaomba ruhusa kazini akaja. Kitinda mimba, muuza vyombo, akaja na rola mpya kwapani. Mama Pini akaiona ile rola. Akatoa pini. Moja. Mbili. Tatu.

"Mwaka huu hapapakwi kitu."

"Mama, lakini baba angependa..."

"Baba yenu ndiye yule pale ukutani. Mkimfunika, mimi nitatazama nini?"

Kitinda mimba akaiegemeza rola mlangoni. Yeye akarudisha pini mdomoni, akaenda chumba cha pili kumalizia gauni la mteja.

Sasa, mimi kaka yake ni mtu mwenye akili nyingi. Shule sikuimaliza, lakini hata yenyewe haikunimaliza. Nikawaza: akiikuta rangi tayari imechanganywa, atafanyaje? Maji yakimwagika hayazoleki. Nikanyata hadi stoo. Makopo kumi na moja. Nikamimina matano ya kwanza niliyoyafikia, likiwemo moja la rafu ya juu, peke yake, limeandikwa "Hospitali, milango". Kwa nini lilikaa peke yake, sikujiuliza. Milango hupakwa rangi ya mafuta, kuta zetu ni za rangi ya maji, na hivyo viwili havikai ndoo moja.

Ikakatika kama maziwa yaliyochacha. Nikadhani ikifika ukutani itatulia. Nikapiga rola moja, katikati kabisa. Ikatelemka ukuta mzima kwa madoido, ikaishia kwenye kiatu changu.

Mlangoni nikasikia kijimto kinachomwa.

"Umechanganya ya mafuta na ya maji?"

"Rangi ni rangi, dada."

"Na kichwa ni kichwa, lakini cha kwako kimewekwa cha kufugia nywele! Niachie!"

Akachukua kisu bapa cha kukwarulia ili auokoe ukuta wake wa kijani. Akakwarua, akakwarua, na kadiri rangi yangu ilivyozidi kutapakaa ndivyo alivyozidisha nguvu. Mara gamba la rangi likabanduka, kubwa kama sahani, likaanguka sakafuni. Chini yake saruji tupu.

Mimi nilitafuta mlango kwa kisigino.

Mama Pini akaliokota. Lilikuwa nene kama jalada la kitabu. Akaligeuza ubavu, akalisogeza dirishani.

"Mama," akasema binti, "hebu ona. Ziko zote."

Kweli. Kijani juu, chini yake kijivu cha mwaka wa benki, kisha nyingine nyingi, na huko chini kabisa manjano na waridi, mstari juu ya mstari.

"Hiyo ya waridi ni ya mwaka niliozaliwa mimi?" akauliza kitinda mimba.

"Yako wewe ni hii manjano."

"Si ndiyo ile iliyozidiwa na rangi ya choo cha walimu?"

"Ndiyo hiyo hiyo," akasema Mama Pini. "Sikukuu yako ya kwanza uliila chooni, mwanangu."

Akacheka. Kicheko chake kile cha puani, cha mtu aliyezoea kuwa na pini mdomoni. Kisha akapitisha ukucha kwenye ule ubavu, polepole, mwaka baada ya mwaka.

"Kila mwaka alifunika kazi yake mwenyewe," akasema. "Na wala haikwenda popote. Leteni ndoo nyingine. Ametuachia makopo kumi na moja, huyu amekula matano. Hata hayo sita nashukuru."

Wakabashiri. Binti akasema kijivu. Kitinda mimba akasema samawati. Mimi nilinyimwa kura.

Mama Pini akaitazama ndoo.

"Zambarau."

Kitinda mimba akajifanya anakohoa. "Mama, utaosha brashi wewe."

"Najua."

Alianza yeye, pale karibu na swichi, na mpaka leo ukipitisha kidole ule unywele unausikia chini. Akasimamia mikono miwili, hakusamehe hata kona. Lile gamba liko hapa mezani, kando ya nyuzi.

Na sasa lile msiloliamini. Tukafungua mlango, jua likaingia, rangi ikakauka mbele ya macho yetu, na nawaapia, ilikuwa zambarau! Zambarau iliyokoza, inang'aa mpaka majirani wakaja mbio kudhani nyumba ina—

"Zambarau gani, kaka? Ukuta si huo mbele yako, rangi ya chai iliyozidi maziwa? Futa hapo. Brashi niliosha mimi."