Macho ya Mwalimu

Mimi ni mwinjilisti, na ninaombea wagonjwa. Niseme mapema kwamba upole sikujaliwa. Nina mdomo, na hasira zangu ziko karibu. Hapa Kerege muulize yeyote. Nikiomba natokwa jasho mpaka kilemba kinalowa, na mtu akisinzia wakati wa maombi namwita palepale, mbele za watu. Nimewaona kwa macho yangu watu waliobebwa kuletwa wakirudi kwao kwa miguu, na hilo silikani mpaka leo. Ila habari ninayoiandika hapa haina sifa kwangu.

Tulikuja pwani kutoka bara kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu hukuhuku, na mtaa mzima bado unamwita Mwalimu, mimi mkewe nikiwemo. Ni mtu wa maneno machache. Mimi nikiwaka, yeye anachukua ndoo anakwenda kumwagilia mchicha. Kanisani kwetu, nyuma ya barabara kubwa, chini ya mabati, yeye ndiye alikuwa msomaji: mimi nahubiri, yeye anasoma Neno kwa sauti ileile ya darasani, anapumzika kwenye kila mkato kana kwamba kuna watoto wanaandika imla. Nilikuwa naipenda sauti ile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Macho yalianza kumsumbua taratibu. Alisema taa za magari zinamfanyia duara. Akanunua miwani kwa wale wanaouza barabarani, haikusaidia. Siku moja tukiwa tunakula akasema amesikia wataalamu wa macho wanakuja Bagamoyo, labda akawaone. Nakumbuka nilivyomjibu. Nilimwambia, "Watu wanatoka Ubena huko kuja kuombewa na mimi, halafu mume wangu mwenyewe apange foleni ya hospitali? Utaniaibisha." Akasema, "Haya mama, yaishe." Yakaisha, kwa maana kwamba hakuyataja tena.

Nikamwombea. Sikumwombea kwa mzaha. Nilifunga, nililia, nilimpaka mafuta kwenye kope. Miaka mitatu nilimwombea. Mwaka wa tatu, baada ya Pasaka, aliacha kusoma kanisani, akasema herufi zinamkimbia. Hapo nikaona ni vita, na mimi si mtu wa kukimbia vita. Nikamwambia siku ya Jumatano, "Jumapili hii utasoma." Nikamtajia na sura yenyewe, ile ya kipofu aliyekaa kando ya njia akiomba.

Kwetu mtu akishaombewa haachwi hivihivi. Anaambiwa afanye lile lililokuwa linamshinda. Wa mgongo ainame, wa mguu akimbie, na watu wapige vigelegele. Basi Jumapili ile nilimsimamisha Mwalimu mbele, nikamwekea mikono, nikamwombea mpaka sauti ikakauka, nikampa kitabu kikiwa kimefunguliwa. Akakishika kwa mikono miwili. Akasoma. Alisoma sura ile kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kujikwaa, akipumzika kwenye kila mkato. Kina mama walilia. Mimi nilipiga magoti sakafuni, sikujali sketi wala nini. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tangu nizaliwe.

Baada ya hapo, ushuhuda wa mume wangu nikawa natembea nao. Niliusema kwenye mikutano ya injili kila nilipoalikwa. Nyumbani sikuchunguza kitu. Mwalimu alikuwa anakaa sana barazani, nami nikasema ni uzee. Alikuwa ananiachia mimi nipokee wageni, nikasema ni heshima.

Kisha nikaenda Miono, mkutano wa siku tatu. Niliwaambia watu wa kule kwamba nimemwacha nyumbani mtu aliyekuwa haoni na sasa anasoma. Wakasimama wakashangilia. Nilirudi Ijumaa mchana, nina kikapu cha machungwa niliyopewa, ninaimba njia nzima.

Nilimkuta Mwalimu amekaa kwenye mkeka wa jirani yetu, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cheupe. Jirani huyu ni mwanamke wa hapahapa, Mkwere, Mwislamu, anakaanga vitumbua asubuhi na kuuza mkaa mchana. Ukuta wake na wetu ni mmoja. Nikauliza kuna nini. Mwalimu akasema ni ajali ndogo tu, jiko. Jirani akamtazama, akanitazama mimi, akaniambia, "Njoo huku ndani, mwenzangu."

Tulipoingia hakuzunguka. "Mumeo ameweka kiganja chote juu ya jiko la mkaa. Alidhani anashika birika. Mwenzio haoni."

Nikamwambia asinitanie. Nikamwambia Mwalimu alisoma kanisani, watu wote wameona.

"Alisoma nini? Nilimsomea mimi." Alisema hivyo bila kupandisha sauti, anakung'uta unga kwenye kanga. "Wewe ulikuwa unatoka kwenda kwenye ibada zenu, yeye anakuja na kitabu chake, anakaa pale kwenye kigoda. Mimi nakaanga, namsomea. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, mpaka Jumamosi jioni. Akisahau ananiambia, rudia hapo. Mpaka na mimi naijua. Kwani sisi hatujui kwamba Nabii Isa aliponya vipofu kwa idhini ya Mungu? Niliona si dhambi kumsomea. Lakini ningejua kwamba utamwacha vilevile, nisingesoma."

Kitu cha kwanza kilichonijia, na ninaona aibu kukiandika, hakikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Nilifikiri, kumbe mtaa mzima unajua, mimi ndiye nimebaki. Nikatoka na hasira zangu mpaka pale kwenye mkeka, nikamwuliza Mwalimu kwa nini amenidanganya.

Akanielekezea uso, lakini hakunielekea mimi sawasawa. Alielekea kidogo pembeni, kwenye mlango. Akasema, "Wewe ulikuwa umeshatangaza. Watu walikuwa wamejaa. Na nilijua ukifurahi unavyokuwa."

Hasira zikaniishia. Nilikaa chini kwenye mkeka wa watu, nikalia, na jirani akaniletea maji kwenye kikombe cha plastiki akarudi kwenye vyombo vyake.

Jioni ileile nikamwambia Mwalimu Jumatatu tunakwenda hospitali. Akakataa. Mtu huyu aliyenikubalia kila kitu kwa miaka yote, hilo akalikataa. Alisema, "Ukionekana umenishika mkono pale kwenye benchi la wagonjwa wa macho, kazi yako imekwisha. Umeshasema mpaka Miono. Mimi nimeshazoea." Nikamwambia macho ni yake. Akasema na jina ni langu. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikaelewa kwamba hatatoka nyumbani mpaka mimi nimfungulie, na kumfungulia ni mahali pamoja tu, palepale kanisani nilipotangaza.

Jumapili nilisimama mbele. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema, "Mwalimu haoni. Siku ile hakusoma, alikuwa amekariri ili mimi nisiaibike. Nilimwombea na nitaendelea kumwombea, ila kesho nampeleka hospitali, na nilipaswa kumpeleka miaka mitatu iliyopita. Nilimkataza mimi." Nikakaa. Feni ya mezani ilikuwa inageuka huku na huku. Mzee mmoja wa kanisa akaanzisha wimbo, ukaimbwa nusu ukafa. Niliwaza moyoni kwamba basi, Jumapili ijayo nitahubiria mabenchi.

Ibada ilipokwisha nilipita mlango wa nyuma, nisikutane na watu. Nikawakuta wameshazunguka huko, wananisubiri. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja fundi seremala, ambaye mwaka uliopita nilimwombea mgongo, naye akakimbia kuzunguka kanisa mara tatu watu wakishangilia.

Akasema, "Mama, na mimi mgongo bado."

"Mbona ulikimbia?"

"Uliniambia nikimbie." Akatabasamu kwa haya. "Nililala siku nne baada ya pale."

Nyuma yake alikuwepo mama aliyetoa ushuhuda kwamba sukari imeisha. Haikuisha, alikuwa anameza vidonge vyake kwa kujificha chooni, asionekane na wenzake wa kwaya. Nilimshukuru Mungu kwamba alijificha. Nyuma yake binti niliyemwombea sikio. Walikuwa watano, na mmoja baada ya mwingine waliniambia kwa sauti ya chini, kwa adabu kabisa, kama watu wanaoniomba radhi. Hakuna hata mmoja aliyenilaumu. Wote walisema hawakutaka kunivunja moyo. Niliwaambia kila mtu arudi hospitalini kwake, mwenye vidonge ameze mchana kweupe, na nitamwombea huku anameza. Nilisema kwa ukali, maana kwa namna nyingine sijui kusema.

Jumatatu tulikwenda. Jirani alitufungia vitumbua kwenye mfuko wa karatasi, akamwambia Mwalimu asimpe daktari shida. Kituo cha afya wakatuandikia barua ya kwenda Dar, na huko, kesho yake, tukasubiri kwenye benchi tangu asubuhi. Nilimshika mkono wake mzima muda wote, aonaye aone.

Daktari alikuwa binti, umri wa kitinda mimba wetu, akatuamkia shikamoo zake vizuri kabla ya kushika chombo chochote. Alimtia Mwalimu dawa machoni, akamwinamisha kwenye mashine, akamulika, akarudia tena. Kisha akauliza shida hii ina muda gani.

Mwalimu akajibu haraka, "Ni miezi miwili tu hivi, mwanangu. Mimi mwenyewe nimechelewa, naogopa sana sindano."

Nikasema, "Miaka mitatu. Na sindano haogopi."

Binti akatutazama wote wawili, akaandika. Akatueleza polepole. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho, litafanyiwa upasuaji, na kwa dawa za kila siku anatumaini litaona. La kulia lina presha ya macho, na presha imeshaua mshipa. Hilo halitarudi.

Mwalimu akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Akaanza kumshukuru, akatafuta fimbo yake kwa mkono, tuondoke. Mimi nilikuwa sijamaliza.

Nikauliza, "Tungekuja mwaka ule wa kwanza, la kulia lingepona?"

Daktari akafunga faili, akalifungua tena. Mwalimu akawahi kumwambia, "Mwanangu, hilo huna haja ya kumjibu."

"Mjibu mwenye swali," nikasema.

"Ndiyo, mama," akasema. "Tungeliwahi."

Mwalimu akanyoosha ule mkono wenye kitambaa, akapapasa hewani mpaka akalipata goti langu. Nikamwambia daktari aendelee, anieleze na mengine yote.